Bomba la Pamba Nililopulizia Gari la Bibi Harusi

Nimekosa. Nalisema mapema kabla sijaghairi, maana barua hii naianza kwa mara ya tatu na mbili za kwanza nimezichana. Naiandika nimesimama, karatasi iko juu ya pipa la maji. Kukaa siwezi. Nikikaa dakika mbili miguu inaanza kucheza yenyewe, na mke wangu ananiuliza, "Wewe una nini tena?"

Nina jambo la miaka mingi, ndilo nililo nalo.

Mhariri, jina langu usiliandike. Na wewe msomaji usinionee huruma mapema, ngoja nimalize kwanza.

Mimi ni mtu wa Bariadi. Zamani, Simiyu haijawa hata mkoa, nilikuwa nasafisha magari ya chama cha ushirika. Malori ya pamba, pikapu za mabwana shamba, yote yalipita mikononi mwangu. Likaja soko huria. Wanunuzi binafsi wakaingia na mizani zao na magari yao, chama kikayumba, na sisi tukaitwa ofisini tukaambiwa tumepunguzwa. Tumepunguzwa! Kama chumvi kwenye mboga.

Sikulia. Niliangalia barabarani nikaona magari yameongezeka. Magari madogo ya Kijapani, mitumba, yanashuka Dar yanakuja huku kwetu kwenye vumbi. Vijana wote walikuwa wanaosha nje: ndoo, tambara, basi, gari linang'aa. Ndani je? Ndani kulikuwa na vumbi la Meatu nzima, nyuzi za pamba zimejishona kwenye viti, mafuta ya samaki, matapishi ya watoto. Nikasema hapa ndipo pangu.

Na niliiweza kazi hiyo, gete, kweli kabisa! Acheni nijisifu kidogo, maana baada ya hapa sitapata nafasi tena.

Mimi nilikuwa naanzia juu, kwenye dari, nashuka. Anayeanza na zulia ni mjinga, vumbi la dari litamshukia atarudia kazi. Mazulia nje, nayachapa kwa fimbo. Kiti cha nyuma nakifungua boliti, nakitoa chote, hapo chini utakuta mahindi yameota. Matundu ya upepo nayapuliza kwa pampu ya baiskeli, kisha naingiza mswaki. Viti nasugua kwa maji ya moto na sabuni ya unga, brashi laini, naenda upande mmoja tu. Maji nayanyonya kwa pamba nyuzi, na pamba kwetu haikosekani. Kisha kiti kinakaa juani siku mbili nzima. Mbili! Chini ya kiti naweka mkaa kwenye kimfuko, unakula harufu. Namaliza na limau.

Lakini siri yangu kubwa ilikuwa bomba. Lile la mgongoni, la kupulizia dawa ya pamba. Nilinunua jipya kabisa, halijawahi kuona dawa, nikawa natia maji ya sabuni. Unapiga mkono, unapulizia, ule mvuke unaingia mpaka kwenye sponji ya ndani ambako brashi haifiki. Uchafu wa miaka mitano unatoka mweusi kama chai ya mkaa. Wenye magari walikuwa wanasimama wanatazama, wanacheka, wanasema, "Huyu jamaa anapulizia funza kwenye gari!"

Nilipenda sana kuchekwa vile.

Halafu akaja bwana mmoja kutoka Mwanza na mashine ya kunyonya vumbi, na jenereta yake. Akafungua kazi ng'ambo ya barabara, mkabala na mimi. Jenereta ikiwaka mji mzima unajua. Wateja wangu wakaanza kuvuka, mmoja mmoja, wengine hawanisalimii. Moyo ulikuwa unanichemka! Nilikuwa nazunguka kwenye kibanda changu kutwa, nashika hiki naacha, nashika kile naacha. Bomba langu likachagua wiki hiyohiyo kuharibika, mpira wa ndani ukachanika, na wa kubadilisha haukupatikana madukani.

Katika wiki hiyo ndipo binti wa dada yangu alipokuwa anaolewa.

Anaitwa Kabula. Nitamtaja, maana yeye hana cha kuficha. Baba yake alifariki akiwa mdogo, kwa hiyo mimi mjomba ndiye niliyekaa na wakwe kwenye mazungumzo ya mahari, ndiye niliyezipokea ng'ombe zikaingia kwenye zizi la dada. Kijana alikuwa Masunga, wa Mkula, mkulima, mtu mpole wa kanisani. Walipendana wale watoto. Masunga alikuwa anaendesha baiskeli kutoka Mkula mpaka Bariadi kuja kunywa uji tu na kurudi!

Harusi ilipangwa kanisani kwao Mkula, mwezi wa nane, pamba imeshauzwa. Gari la bibi harusi tuliahidiwa na bosi mmoja mnunuzi wa pamba. Gari dogo jeupe, safi kwa nje. Kwa ndani, loo! Siku tatu kabla, kibuyu cha maziwa mgando kilipasuka kwenye kiti cha nyuma, gari likafungwa vioo likaachwa juani. Ukifungua mlango unarudi nyuma mwenyewe.

Bosi akaniambia, "Mjomba mtu, nilipeleke kwa yule wa mashine?"

"Yaya, hapana!" nikamjibu. "Bibi harusi ni mwanangu. Gari nasafisha mimi."

Akasema sawa, ila akinusa maziwa siku ya harusi, hatanipa gari lingine maisha yangu yote. Nilikuwa nimebakiwa na siku moja tu.

Sasa hapa ndipo kosa langu. Bomba langu bovu. Nikaenda nyumba ya pili kwa shemeji yangu, nikakuta bomba lake limeegemea ukuta wa ghala, tangu msimu wa kupulizia. Nikalitikisa. Ndani kulikuwa na maji kidogo yamebaki, mazito, meupe. Nikayamwaga. Nikatia maji kidogo nikasuuza mara moja. Mara moja! Maji ya kununua kwa ndoo, nikayaonea uchungu. Nikajiambia sabuni itamaliza, tangu lini sabuni ikashindwa?

Nikajaza maji ya moto na sabuni, nikapulizia kiti cha nyuma. Nikakilowesha mpaka ndani, maana maziwa yalikuwa yameshaingia mpaka ndani. Nikapulizia na dari, na milango ya nyuma. Kulikuwa na kaharufu fulani, sitasema uongo. Nilikanusa. Nikakamua limau kumi na mbili, nikafuta kwa mafuta ya taa kidogo pale penye madoa, harufu zikachanganyika, nikasema ah, ni uchovu wangu.

Maziwa yalitoka! Bosi akaja, akaingiza pua, akanigonga bega. "Wewe ni fundi." Nilivimba kichwa nikatazama ng'ambo ya barabara kwa mtu wa jenereta, nikakohoa kwa makusudi.

Kiti kilikuwa bado na unyevunyevu. Nikatandika shuka jeupe juu yake.

Asubuhi ya harusi tukaondoka kwa vigelegele. Kabula nyuma na mpambe wake, shela limejaa kiti kizima. Dereva mbele, kioo chake kimefunguka. Vioo vya nyuma vimefungwa kabisa, nani ataacha vumbi la mwezi wa nane liingie kwenye shela? Sisi na bosi tulifuata kwenye pikapu, dada yangu kaketi kwenye kiti cha mbele, anaimba. Njia ilikuwa mbovu na jua lilikuwa kali, mwendo wa saa kadhaa.

Tumefika Mkula, kwaya imejipanga mlangoni, Masunga yuko na suti. Mlango wa gari ukafunguliwa.

Kabula alitoka kwa kuanguka. Mungu wangu! Anatapika, mate yanachuruzika, machozi, jasho limelowesha gauni lote, mikono inatetemeka. Mpambe naye ameshika kichwa, anasema kinamuuma, lakini nani angemtazama mpambe siku hiyo? Kwaya ikakatika katikati ya wimbo.

Shangazi wa Masunga alikuwa wa kwanza kusema. Akapaza sauti ili waliokaa ndani ya kanisa nao wasikie. "Hiyo ni mimba! Mimi nimezaa saba, sidanganyiki! Mmetuletea mimba ya watu wa Bariadi!"

Dada yangu akamwambia, "Mayu, mama, ona haya." Lakini neno lilishatoka, watu wameanza kuangaliana, wazee wa upande wa bwana harusi wameshajitenga pembeni.

Kabula amekaa chini kwenye mchanga na gauni lake. Akaniangalia mimi. Akasema, na nilimsikia, kila aliyekuwa karibu alimsikia, "Mjomba, gari linanuka dawa ya pamba. Kiti kinaniwasha."

Wote wakanigeukia. Mchungaji, bosi mwenye gari, Masunga, wazee.

Nikaenda nikaingiza kichwa ndani ya gari. Ile harufu! Jua lilikuwa limeipika yote ikatoka kwenye sponji. Mtoto wa darasa la kwanza wa kwetu angeijua. Niliijua, macho yakaanza kuniwasha palepale.

Nikatoa kichwa nje, nikaufunga mlango kabla mwingine hajainama kunusa. Nikamwona bosi ananitazama kwa jicho la "umefanya nini kwenye gari langu?" Nikaiona ile jenereta. Naapa, niko Mkula, niliiona jenereta ya Bariadi, na wateja wangu wote wanavuka barabara, na watu wanasema yule ndiye aliyetia sumu gari la watu.

Nikainua mkono wa kulia. Nikasema, "Nimetumia sabuni na limau tu. Mbele ya Mungu."

Hivyo tu. Maneno machache hivyo.

Kabula akainamisha kichwa.

Tulimkimbiza zahanati, safari hii kwenye pikapu, nyuma, penye hewa. Mganga alikuwa mtu makini. Akamfunua macho, akanigeukia, "Mboni zimekuwa ndogo sana. Huyu hajashika dawa ya shamba?" Mimi ndiye mlezi, mimi ndiye niliyepaswa kujibu. Nikasema hapana. Jamani, nikasema hapana! Mtoto yuko kitandani anatetemeka na mimi nalinda kibanda changu. Akatundikiwa dripu, akaoshwa na wanawake, akapewa kanga, na Mungu ni mwema kuliko mimi, kufikia jioni akaanza kupata nafuu. Kama angekufa, angekuwa amekufa kwa neno langu moja.

Ndoa haikufungwa. Mchungaji alisema tusubiri, wazee wakasema hakuna cha kusubiri. Ng'ombe zilirudishwa. Mimi ndiye niliyezipokea na mimi ndiye niliyezitoa zizini, nazipiga fimbo, dada yangu amesimama mlangoni amefunika mdomo kwa kanga.

Wiki mbili baadaye Masunga alinifuata kibandani, peke yake, na ile baiskeli yake. Akanisalimia kwa heshima, "Mwangaluka, mjomba." Hakukaa. Akasema, "Mimi namwamini Kabula. Ila wazee wangu wananibana. Niambie wewe tu, mwanaume kwa mwanaume. Kulikuwa na kitu kwenye gari? Ukisema ndiyo, namchukua leo hii, wazee nitawakabili."

Alitoka Mkula kuja kuniuliza neno moja. Mkononi nilikuwa na mswaki wangu wa kusafishia, nakumbuka, nikaendelea kusugua tundu la upepo la gari la mtu ambalo lilikuwa limeshakuwa safi zamani. Nikasugua nikasugua.

"Hakukuwa na kitu," nikamwambia.

Akasema, "Wabeja, mjomba." Ananishukuru! Akapanda baiskeli. Mwaka uliofuata alioa binti mwingine.

Mnafikiri miezi ilipopita tumbo lisionekane watu walinyamaza? Walisema ametoa. Hiyo ndiyo ikawa habari sasa, kisimani, kwenye gulio, mpaka kwenye kwaya yake. Dada yangu, mama yake mzazi, naye akaanza kumwangalia kwa kuibia. Siku moja nilimsikia akimuuliza, "Niambie tu ukweli, mimi ni mama yako." Kabula akafunga nguo zake akaenda Mwanhuzi kwa ndugu wa marehemu baba yake. Mama na binti hawakusalimiana miaka.

Na kibanda changu? Hilo mtacheka. Sikuweza tena kukaa ndani ya gari lililofungwa vioo. Naingia, nashika brashi, dakika tatu nimetoka nje natafuta hewa. Miezi mitatu baadaye nikakifunga mwenyewe. Mtu wa jenereta wala hakunishinda, nilimwachia. Nikarudi kulima. Pamba sikulima tena, bomba sitaki kuliona.

Tangu hapo situlii. Kanisani nasimama karibu na mlango. Msibani nazunguka, watu wanafikiri ni uchapakazi, wananipa kazi ya kukata kuni.

Juzi nikasema basi. Nikapanda basi mpaka Mwanhuzi, kioo wazi njia nzima, abiria wananinung'unikia kwa vumbi. Nikamkuta Kabula nyumbani kwake. Ni mama mtu mzima sasa, ana duka lake la nguo za mitumba, hakuolewa. Alinikaribisha vizuri, akanipa kiti. Sikukaa. Nilisema yote nimesimama mlangoni. Bomba la shemeji, maji meupe, kusuuza mara moja, zahanati, Masunga na baiskeli yake.

Alikuwa anakunja suruali za watoto. Aliendelea kukunja mpaka nilipomaliza.

"Mjomba," akasema, "mimi nimebeba bomba mgongoni tangu darasa la nne. Unafikiri sikuijua ile harufu? Niliijua tukiwa hatujatoka Bariadi. Nikasema ninyamaze, mjomba amehangaika na gari usiku na mchana, nisimwaibishe mbele ya bosi. Nilivumilia mpaka Mkula."

Miguu yangu hapo ilitulia. Mara ya kwanza, miaka yote hiyo. Nilitamani icheze.

"Unisamehe," nikamwambia.

"Mimi unaniambia ya nini?" akasema, na hapo ndipo sauti ilipompanda. "Mimi nilikuwa ndani ya gari! Nenda kawaambie waliokuwa nje. Mwambie mama."

Kwa dada yangu nilikwenda jana. Aliyoniambia hayaandikiki, na ana haki. Leo asubuhi nimesikia amepanda basi la Mwanhuzi.

Sasa ninyi mnaosafisha magari, mnisikie. Bomba lililoshika dawa ni la dawa, hata ulisuuze mara mia. Kiti kilicholowa kiache juani siku mbili, harusi isubiri. Ukinusa harufu usiyoielewa usiikamulie limau. Na siku ukiulizwa umetumia nini, mwenzangu, sema! Sema mteja aondoke, sema bosi akutukane, sema kibanda kife. Kibanda changu kilikufa vilevile.

Waliobaki ni watu wa Mkula, waliokuwa nje ya kanisa siku ile. Jina langu sijaliandika, bado naliogopa, mniwie radhi. Ila mnanikumbuka. Nilivaa koti la kahawia, nikasimama penye mlango wa gari jeupe, nikainua mkono wa kulia. Ndiye mimi. Niliapa uongo. Kabula hakuwa na mimba.